Kiti Kilichokuwa Kikilia

Kiti cha shemeji yake Kapteni kilikuwa na gurudumu moja linalolia, na ofisi nzima ilijua sauti yake. Mwandishi wa programu akikwama, aliita tu, "Dada, njoo uone maajabu!" na kiti kikaja kikipiga kelele mpaka mezani kwake.

"Sogea," alikuwa akisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Wakaandika pamoja, kwenye kompyuta ya aliyekwama.

Kapteni, mume wa dada wa huyo shemeji na kiongozi wa kikosi hicho cha waandishi, ndiye aliyetengeneza ubao wa kuhesabu kazi. Bosi alitaka kujua kila mtu anaandika mistari mingapi mipya kwa wiki, naye akatundika skrini ukutani, kila jina na nguzo yake ya rangi. Lakini mistari ilihesabiwa kwa mwenye kompyuta. Kwa hiyo nguzo ya shemeji ikawa kama kijiti cha kiberiti.

"Shemeji, umenipiga picha nimechuchumaa!" alimtania mume wa dada yake, watu wakacheka.

"Vumilia, nitarekebisha."

Kapteni hakuwa na nia mbaya. Aliona kila mtu anaijua kazi ya shemeji yake, basi haraka ya nini? Kesho ikazaa kesho, hadi bosi akasimama mbele ya skrini akauliza, wote wakisikia, "Huyu wa kijiti anafanya kazi gani hapa?"

Shemeji alimtazama Kapteni. Kapteni akatazama viatu vyake.

"Tutafuatilia, bosi," akasema.

Tangu siku hiyo kiti hakikulia tena. Nguzo ya shemeji ilipanda ikazipita zote, bosi akapongeza. Wengine nao wakajifunza kukwama kimya kimya. Hitilafu iliyokuwa ikiisha kabla ya chai ikawa inalala siku mbili.

Mwishowe Kapteni mwenyewe akakwama.

"Shemeji, njoo uone maajabu!"

"Nikija kwako itahesabiwa kwako. Niandikie ombi, nitaliona."

Asubuhi iliyofuata Kapteni aliiondoa skrini, akamwendea. "Nimeufuta ule ubao, shemeji. Hatuhesabu tena."

"Afadhali," alijibu kwa upole, mikono ikiwa bado kwenye kibodi. "Ila siku ile bosi alipouliza, sikuwa na shida na ubao. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Kapteni alivuta kiti chake mwenyewe, akakaa kando yake. Kilikuja bila sauti. Shemeji hakumfukuza, ila hakusogea.