Binti wa Kwedizinga

Munira Mhina alikuwa injinia katika ofisi ya washauri wa umeme pale Korogwe. Kazi yake ilikuwa kuchukua takwimu ya mahitaji ya umeme ya mkoa mzima na kuigawa kata kwa kata ndani ya kompyuta. Kila kata aliiunganisha na kituo cha kupoza umeme kinachoihudumia, ili modeli ya gridi ionyeshe laini zipi zitazidiwa na wapi zijengwe mpya. Kata iliyopata tarakimu ndogo ilisahaulika hapo hapo.

Bosi wake, Fabiani, aliagiza wagawe kwa kufuata umeme unaotumika sasa. Agizo hilo lilimkaa vibaya Munira. Alizaliwa Kwedizinga, na alijua kwamba umeme uliofika kwao ni wa taa na kuchaji simu. Mashine za kusaga zinakunywa dizeli, na dizeli haisomwi na mita. Kwa hesabu ya Fabiani, watu wa kwao hawakuhitaji chochote.

Akaomba ruhusa, akazunguka kata za Handeni na Korogwe, hadi Magoma, akihesabu mashine za dizeli. Aliporudi akarekebisha modeli. Kata nyingi zilipanda, na Kwedizinga ikapanda kuliko zote, kwa sababu mashine zake ni nyingi. Laini mpya ikajichora hadi huko.

Furaha ikamshinda. Akampigia kaka yake, Ramadhan, mwenye mashine pekee ya kusaga kijijini kwao.

"Kaka, safari hii umeme mkubwa wa kuendesha mashine unakuja. Nimeuona kwenye modeli."

"Umeuona, au unatumaini?"

"Nimeuona."

Ramadhan hakungoja. Injini yake ya dizeli ilikuwa imechoka, akampata mnunuzi, akaiuza, akanunua mota ya umeme.

Kikao kilipofika, Fabiani aliitazama skrini.

"Kwedizinga ndiyo inaongoza? Munira, kwenu ni wapi vile?"

Wenzake wakainamia simu zao.

"Kwedizinga. Lakini mashine zipo, bosi. Twende ukazione."

"Sibishi kwamba zipo. Ila mteja aliyetupa kazi hii akiuliza nani alizihesabu, nitamjibu binti wa hapohapo?"

"Basi itoe Kwedizinga peke yake. Hizo nyingine ziache."

"Nikiacha nyingine, hiyo moja niliyoitoa nitaielezaje?"

Tarakimu zote zikarudishwa zilikokuwa. Magoma, ambako Munira hakuwa na ndugu hata wa dawa, nayo ikashuka. Ripoti ikaenda kwa mteja, naye akaipokea kwa shukrani.

Munira alikwenda nyumbani kuwaeleza mwenyewe. Alimkuta mama yake uani akipepeta mahindi, pamoja na jirani yao, Bi Mwaija.

"Shikamooni."

"Marahaba," alijibu mama, bila kuinua macho.

Aliposema kwamba laini haiji, Bi Mwaija aliguna. Tangu injini iuzwe, yeye na wanawake wenzake walikuwa wakibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili kusaga.

"Tuliambiwa tuna mtu wetu huko," alisema. "Afadhali tusingekuwa naye."

Bibi yule alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua: kama Munira asingekuwa wa kwao, hesabu ile ingepita. Akamtazama mama yake, akitarajia neno moja tu la kumtetea. Mama akaendelea kupepeta.

Ramadhan alikuwa kwenye kibanda cha mashine. Mota ilikuwa sakafuni, imefunikwa gunia.

"Ulisema umeuona."

"Niliuona, kaka. Wameufuta."

"Basi bora na sisi tungefutwa mapema, tukajua moja."

Hakumkaribisha kukaa.

Aliporudi Korogwe, Munira alimwendea Fabiani akamwomba jina lake liondolewe kwenye ripoti, ingawa ilikwisha kwenda kwa mteja. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, na maneno ameyapanga tangu njiani. Fabiani alifungua ukurasa, akafuta jina, akauliza kama kuna jambo lingine.

Ijumaa akampigia Ramadhan. Simu ikapokelewa na Amne, mke wa kaka yake.

"Hayupo, wifi. Yuko shamba."

Nyuma yake sauti ya Ramadhan ikauliza ni nani anayepiga.

"Akirudi msalimie," alisema Munira.

"Nitamwambia," alisema Amne, akakata.