Kiapo cha Dada

Makao yale ya wasio na nyumba yalikuwa na vitanda arobaini na sheria tatu: ukirudi umelewa hulali, saa moja asubuhi kila mtu nje, na ya tatu, aliyoibuni msimamizi mwenyewe, anayekoroma alale upande wa mlangoni. Msimamizi huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo usiojua kumfukuza mtu.

Miongoni mwa wakoromaji alikuwamo mwashi mmoja ambaye wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia wima wa ukuta, maana hakuweza kupita karibu na ukuta bila kufumba jicho moja na kusema umepinda wapi. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mguu ukavunjika, kazi ikaota mbawa. Pombe ikaja kama mgeni wa siku mbili, ikageuka mwenye nyumba. Mwishowe mwenye nyumba wa kweli akamtoa nje.

Sasa alikuwa na miezi saba bila tone. Asubuhi moja msimamizi akamwita ofisini.

"Chumba kimepatikana," akasema. "Wapangaji wanne, jiko moja, kila mtu na ufunguo wake. Utaendelea kuhudhuria kikundi chetu cha walioacha pombe kila Ijumaa. Ila mkataba unataka kitambulisho."

Kitambulisho chake kilipotelea barabarani pamoja na mfuko wa nguo. Jumatatu akaenda ofisi ya vitambulisho, akapanga foleni tangu milango haijafunguliwa.

"Lete uthibitisho wa makazi," karani akamwambia.

"Mwanangu, ningekuwa na makazi ningefuata nini hapa?"

"Utaratibu ndio huo, mzee."

Akaondoka. Jumatatu ya pili akarudi, na ya tatu. Ya nne karani alipomwona akicheka kwenye foleni na mlinzi, kama mfanyakazi mwenzao, akaweka kalamu chini.

"Mzee, wewe king'ang'anizi. Njia ipo. Lete ndugu wa damu aape mbele yangu kwamba anakufahamu."

Hapo Timazi alinyong'onyea. Ndugu wa damu alikuwa amebaki mmoja tu: dada yake mkubwa, fundi wa nguo. Miaka minne nyuma, dada akiwa amelazwa hospitali, Timazi alibeba cherehani yake akaiuza, akazinywa pesa zote kabla dada hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo hawakuonana.

Alitembea hadi kwake siku ileile, asije akaupa woga nafasi ya kulala na kuamka. Alimkuta kibarazani, anashona pindo la gauni kwa mkono.

"Shikamoo, dada."

Sindano ilisimama.

"Marahaba. Wanangu niliwaambia umesafiri," akasema bila kuinua macho. "Umerudi na nini?"

"Mikono mitupu. Nimekuja kuomba." Akamweleza yote: makao, miezi saba, chumba, karani. Hakupunguza wala hakupamba. "Na lile la cherehani nililifanya mimi. Si pombe. Mimi."

"Kwa hiyo unataka niape kwamba wewe ni nani?"

"Kwamba mimi ni mdogo wako."

Dada akakata uzi kwa meno. "Alhamisi, saa nne. Ukija unanuka, mimi sikujui."

Alhamisi saa mbili Timazi alikuwa keshafika, amenyoa, shati amelipiga pasi kwa kuliweka chini ya godoro na kulilalia. Saa nne ikafika, dada hayupo. Saa nne na nusu, hayupo. Mlinzi akamwambia akajipumzishe. Timazi akakataa kuondoka mlangoni. Ikakaribia saa tano, ndipo dada alipotokea, amevaa kanga zake za kutokea, akamsogelea karibu sana, akanusa. Kisha akaingia ndani.

"Unamfahamu mtu huyu?" karani akauliza.

"Namfahamu? Huyu ndiye aliyeuza cherehani yangu!" Ofisi nzima ikageuka. Timazi akatazama sakafu, lakini miguu yake haikusogea. Dada akavuta pumzi. "Andika ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja. Nilimbeba mgongoni huyu. Hilo la cherehani usiandike."

Akaapa, akatia saini kwa herufi kubwa. Nje, kabla hawajaachana, akamgeukia.

"Usidhani yamekwisha."

"Sidhani, dada."

"Ila umengoja," akasema. "Nilikuwa ng'ambo ya barabara tangu saa tatu. Nilitaka nione utaondoka saa ngapi."

Wiki mbili baadaye kitambulisho kilitoka, na msimamizi akamkabidhi ufunguo. Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda, meza, na dirisha la kuangalia ua. Timazi alifunga mlango kutoka ndani, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akasimama katikati ya chumba, na machozi yakamtoka bila kuombwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Aliwahi kikundini kuliko wote, na kabla hata hajaketi akamwambia msimamizi kwamba bomba la jikoni linavuja.

"Siku moja tu umeshaanza malalamiko?"

"Mimi mpangaji, mama," akajibu. "Jumatatu naanza kibarua cha kupiga lipu, na nisingependa kuchelewa kwa ajili ya foleni ya maji kwenye bomba bovu."