Swichi ya Tangi la Tatu

Fundi wa kuchomelea katika kiwanda kimoja cha sabuni alikuwa mwanamke, na wenzake walimwita Mama Cheche. Afisa usalama alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Kwa miaka minne walisalimiana vizuri, nyumbani na kazini. Siku ya tangi la tatu ndipo walipovunjiana heshima, na mpaka leo haijarudi.

Zamani, kabla mtu hajaingia ndani ya tangi, afisa alikuwa anashuka na karatasi, anazunguka na mafundi, anauliza: umeme unakatwa wapi, moshi unatokea wapi, mtu akizimia ndani anatolewaje. Fomu ya hatari za kazi ilikuwa ukurasa mmoja wenye madoa ya grisi. Kisha shemeji akagundua akili bandia kwenye kompyuta. Unaiandikia jina la kazi, na kabla hujameza mate imeshakutapikia kurasa tisa. Akaacha kushuka.

Jumatatu moja, panga la kukorogea sabuni ndani ya tangi la tatu likakutwa na ufa. Ilibidi mtu aingie alichomelee. Shemeji akaja na shati lake jeupe lisilo hata tone, akaitupa fomu juu ya meza ya kazi.

"Saini hapo chini."

Mama Cheche akavua glovu, akaanza kusoma. Alisoma kila mstari, shemeji amesimama anatazama saa. Ukurasa wa nne akaugonga kwa kidole.

"Hapa pameandikwa nizime swichi iliyo ubavuni mwa tangi."

"Ndiyo. Zima."

"Hiyo swichi imekufa. Mafundi umeme walihamishia waya juu, chumba cha mitambo, mwezi uliopita. Nikizima hii, mtu wa juu akibonyeza, mapanga yananizungukia nikiwa ndani."

"Haiwezekani. Nimeieleza kompyuta kila kitu. Tangi la kukorogea, kazi ya kuchomelea. Inajua matangi ya dunia nzima."

"Ya dunia nzima inayajua. Hili haijawahi kuliona. Na wewe, shemeji, umeliona lini mara ya mwisho?"

Mafundi wawili waliokuwa karibu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kazini mimi si shemeji yako," alisema, sauti chini, meno yameumana. "Mtu aliyeishia shule ya msingi leo anasahihisha kompyuta. Kama hutaki kusaini, kaa pembeni. Wanaotaka kazi wapo."

Akamwita Koleo, fundi wa zamani aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, mtu asiyebishana na yeyote mwenye shati safi. Koleo akasaini bila kufunua hata ukurasa wa kwanza. Akaizima ile swichi mfu, akachukua tochi na vifaa vyake, akaingia.

Mama Cheche alitoa kufuli kwenye sanduku lake, akapanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha mitambo.

"Dada, kuna nini?" akauliza mwendeshaji. "Hilo la tatu naliwasha sasa hivi."

"Koleo yumo ndani."

Mwendeshaji akaondoa mkono kama aliyegusa moto. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mama Cheche akaipiga swichi kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akasimama mbele yake.

Haikupita muda akaja meneja, na shemeji nyuma yake.

"Anahujumu uzalishaji," shemeji alisema. "Swichi ya chini imezimwa. Nimeiona kwa macho yangu."

"Basi mtoeni Koleo," akajibu Mama Cheche, "halafu mkachungulie wenyewe."

Koleo akatolewa. Meneja akasimama kwenye mdomo wa tangi. Juu, kufuli likafunguliwa na mwendeshaji akabonyeza. Mapanga yakaguruma. Tochi aliyoisahau Koleo ndani ikagongwa mara mbili, ya tatu ikasagika. Koleo akakaa sakafuni.

"Fomu hii kaandika nani?" meneja akauliza.

"Akili bandia ndiyo iliyokosea," alisema shemeji.

"Na saini ya kuidhinisha ni ya nani?"

Ilikuwa ya shemeji.

Barua za onyo zilitoka mbili: moja ya afisa usalama, nyingine ya Mama Cheche, kwa kufunga mtambo bila idhini. Yake aliisoma yote, akaandika chini, "Siikubali," ndipo akasaini.

Alipofika nyumbani mdogo wake akapiga simu.

"Dada, umemdhalilisha mume wangu mbele za watu. Ungemvuta pembeni."

"Nilimwambia uso kwa uso. Akasema yeye si shemeji yangu."

"Ni mume wangu."

"Na Koleo ni mume wa mtu."

Simu ikakatwa.

Kesho yake asubuhi shemeji alishuka na karatasi tupu. Hakusalimia, hakusalimiwa. Mama Cheche akataja, yeye akaandika: umeme unazimwa wapi, nani anashika ufunguo, nani anasimama mlangoni. Alipogeuka aondoke, Mama Cheche akamzuia.

"Bado. Ingia uone hewa ya mle."

Swichi ya juu ilikuwa imeshazimwa na kupigwa kufuli. Shemeji akamkazia macho, chuki tupu, na Mama Cheche naye hakuyakwepa. Kisha shemeji akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akajipenyeza ndani. Alitoka baada ya robo saa, amelowa jasho, shati limegeuka rangi, akaongeza mistari miwili kwa mkono wake mwenyewe. Akapanda ngazi bila kuaga.