Ushuhuda wa Pili wa Devota

Jumapili ile mdogo wangu Devota alipovua kitambaa mbele ya kanisa letu la Chamwino, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka. Nywele! Miaka mitatu kichwa chake kilikuwa na mabaka matupu, maana kinga ya mwili wake yenyewe ilikuwa ikizishambulia nywele. Sasa zilijaa kichwa kizima, nyeusi, za kusukwa. Akashuhudia kwamba Mungu amemponya. Mama akalia, kwaya ikaimba, na mimi nikacheza bila aibu.

Vidonge alivyomeza miezi minane hakuvitaja. Kibaya zaidi, akaviacha. Daktari wa mjini alikuwa amemwonya kwamba dawa ile inaushika ugonjwa tu, haiung'oi. Lakini Devota aliona kwamba mtu aliyekwisha kushuhudia kupona, akiendelea na dawa, amewadanganya Mungu na waumini. Nilimwambia huo ni ujinga mtupu. Akaninunia wiki nzima.

Mwezi wa pili baada ya kuviacha, nikiwa namsuka, kidole kikateleza nyuma ya sikio lake: baka laini, upana wa kizibo cha soda. Hasira na huruma vilinipanda pamoja. Kesho yake nikamburuta kwa daktari. Hakutugombeza. Alimrudishia vidonge, akasema huenda nywele zikaota tena, ingawa hakuahidi.

Wiki ya kumi na moja tangu avirudie, vinywele vikachomoza! Niliruka jikoni hadi nikamwaga mboga ya mlenda. Devota naye alicheka. Kisha akasema hawezi kuendelea kumeza dawa kwa siri, na akiwaambia watu watamwita mwongo.

Jumapili iliyofuata akasimama tena, kichwa wazi, baka likionekana. Akaeleza yote, mpaka kosa la kuacha dawa. Kisha akatoa kidonge na chupa ya maji.

"Mungu ananiponya kwa hiki," alisema, "na nitakimeza kila siku."

Akakimeza palepale.  Nikajiandaa kugombana na yeyote atakayeguna.

Akainuka Mzee Bartolomayo, mzee wa kanisa, ambaye mwaka juzi alishuhudia mbele yetu kwamba amepona presha. Alikwenda mbele taratibu, akachomoa mfukoni pakiti ya vidonge vyake vya presha, nusu imeshatumika.

"Nibakizie maji, mwanangu," alimwambia Devota. "Nimechoka kumezea chooni."