Mgeni wa Chumba cha Seva

Ukiona mawe ya njia ya ofisi yoyote hapa Mtwara yamepakwa chokaa mbichi, jua mgeni anakuja. Mapazia yanafuliwa, miti nayo inapakwa mpaka kiunoni, na mlinzi anaazimwa viatu. Sina ugomvi na mawe. Ugomvi wangu ni kwamba mwaka ule wa 2009 Elisha, meneja wa tawi letu la kampuni ya korosho, alipomaliza mawe aliingia kwenye chumba changu cha seva, zile kompyuta za tawi nilizokuwa nikizitunza.

Mgeni alikuwa Mama Magreth, mkuu wa teknolojia kutoka makao makuu Dar es Salaam. Alikuja kuamua kama seva zibaki Mtwara au zihamishiwe Dar. Kwa Elisha hiyo ilikuwa heshima ya tawi. Kwangu ilikuwa ndoa. Mume wangu Josephu ni mwalimu hapa, na kabla ya kazi hii mimi nilikuwa Dodoma. Tulilea ndoa kwa simu na likizo mpaka mtoto wetu Joyce akawa anamwita baba yake "anko". Josephu aliomba uhamisho akachoka. Mwishowe nikapata nafasi Mtwara, tukaanza kuishi kama watu wengine. Tulijua seva zikiondoka, nami naondoka.

Asubuhi ya ugeni nilikuta chumba kinang'aa. Elisha amesimama katikati, kitambaa mkononi.

"Mama Joyce, njoo uone. Nimefuta vumbi mpaka ndani ya matundu."

"Umefutaje ndani, meneja, na mashine inawaka?"

"Nilizima kwanza. Mimi si mjinga, umeme unaua. Nimeshaiwasha, usiogope."

Niliogopa. Mashine yenyewe ilikuwa moja, kubwa, lakini ndani yake tulikuwa tumeunda kompyuta nyingine kadhaa zisizoshikika kwa mkono, ndizo tunaziita seva pepe: moja ya mizani ya ghala, moja ya mishahara, na kadhalika. Mmoja wao tulimwita msimamizi. Yeye ndiye aliyewatawala wenzake na kugawa njia za mtandao, na kupitia kwake watu wa Dar walituona. Nilipofungua skrini, wenzake wote walikuwa wameamka salama. Msimamizi naye ameamka, ila hana mtandao. Ili aupate lazima apewe njia, na mgawaji wa njia ni yeye mwenyewe, na hawezi kugawa kitu akiwa nje ya mtandao. Ndivyo makao makuu walivyotaka apangwe. Nilipinga, nikaambiwa ndio utaratibu.

"Gari la mgeni limeshatoka uwanja wa ndege," Elisha akasema. Sasa uso ulikuwa umeanza kumshuka.

"Basi mpe chai."

"Chai ya muda gani?"

"Ya kimtwara, meneja. Usiniharakishe."

Nisimnyime haki yake: kwa kukaribisha wageni, Elisha hana mpinzani. Kupitia ukutani nilisikia kitabu cha wageni kikitafutwa na kukosekana makusudi, kisha wafanyakazi wote wakitambulishwa mmoja mmoja, mpaka Halima wa usafi na mlinzi mwenye viatu vya kuazima, na kila mmoja akiulizwa habari za nyumbani. Kisha vikaja vitumbua, mihogo na samaki wa kukaanga.

Mimi nilikuwa sakafuni na kibodi mapajani, nimeingia kwenye ile mashine kubwa moja kwa moja bila kumpitia msimamizi. Ilikuwa na nyaya mbili za mtandao. Wazo langu lilikuwa kuuondoa mmoja kwenye himaya yake, niutengenezee njia ya pembeni isiyomhitaji, kisha nimpitishe humo. Nikikosea waya, mizani ya ghala inakatika, na wakulima wako nje na magunia yao. Niliuondoa. Mizani haikukatika. Nikamwita msimamizi, kimya. Nikakagua nilichoandika, nikakuta nimempa njia lakini sijaifungua. Nikaifungua, nikaita tena, akajibu. Nililia kidogo, na sioni haya kusema.

Mama Magreth aliingia akijipangusa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vijana wangu wa Dar walinipigia nikiwa mezani, wakaniambia Mtwara imepotea. Kabla sijamaliza chai wakasema imerudi. Umefanya nini?"

Nilimweleza, na nilieleza vizuri, kwa raha ya mtu ambaye kazi yake imemkubali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo njia ya pembeni, tukiiacha hapo daima, msimamizi akipotea tena vijana wangu wanaweza kumrudisha wakiwa kule kule?"

"Wanaweza, mama."

"Bila mtu kukaa hapa?"

Elisha alikuwa nyuma yake, anatabasamu kwa mgeni. Hakuelewa swali. Mimi nililielewa.

"Bila mtu," nikasema, kwa sababu ndio ukweli, na angeupata hata kwa mwingine.

Alinishika bega. Alikuwa mama mwema, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana sina hata wa kumchukia. Alisema gharama ya kuhamisha seva ilikuwa inamsumbua, na sasa hakuna haja, zitabaki Mtwara. Mtu kama mimi asipotee huku kulinda chumba. Nitakwenda Dar, nikae na vijana wake, niyasimamie matawi yote. Akasema hongera. Elisha akapiga makofi, na wote waliokuwa mlangoni wakapiga.

"Tumeshinda, Mama Joyce," akaninong'oneza wakati wa kutoka. "Seva zinabaki."

Nilirudi nyumbani jioni. Josephu alikuwa mlangoni, chaki bado kwenye mkono wa shati, na hakungoja hata niweke mkoba.

"Zinabaki au zinaondoka?"

"Zinabaki," nikasema, "ila—"

Hakusikia. Alikuwa ameshamnyanyua Joyce juu, anamzungusha uani, akimwambia mama haendi popote.