Kashata za Mkokoteni

"Imekaguliwa! Soma hapo kwenye kioo, imekaguliwa!"

"Na nani? Hizi tairi ni vipara."

"Dogo, kashata zote hizo, mifereji mizima ya tairi, huzioni?"

"Naziona. Ndiyo maana nabisha."

Constantine, mwenye yadi ya magari, akamgeukia baba kama vile mimi sipo. "Mzee Luhende, huyu kijana wako aliishia darasa la ngapi?"

"La sita," nikajibu mwenyewe. "Ila tairi sikufundishwa darasani."

Wateja wawili wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameshika cheti cha ukaguzi kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto. Hajui kusoma, lakini muhuri anauheshimu. Maksai wote wa kulimia alishawauza mnadani ili mimi nipate gari la abiria, la kwenda Lamadi na kurudi. Hela ilikuwa bado benki. Kilichobaki ni dole gumba tu kwenye karatasi, na dole lilishapakwa wino.

Gari nalitaka, nisidanganye. Usiku nilikuwa naliota mpaka honi yake.

"Ng'wana wane, mwanangu, acha fujo," baba akasema taratibu. "Gari limepimwa na wataalamu."

"Baba, subiri kwanza."

Nikachuchumaa. Tairi zilikuwa zinang'aa, zimepakwa dawa nyeusi mpaka zinateleza. Nikapitisha kucha ndani ya mfereji. Waya wa ndani ya tairi ukanichoma kidole. Tairi ya mbele nyingine, vilevile. Halafu nikaona kitu kingine, nikairudia tairi ya kwanza kuiangalia upya.

"Enhe," Constantine akasema. "Fundi kaishiwa maneno."

Ningeweza kunyamaza. Baba angeweka dole, tungeondoka na gari, tairi ningetafuta mbele ya safari.

"Hizi nimezichonga mimi," nikasema.

"Umesemaje?"

"Mimi mwenyewe, pale Somanda, kijiweni kwa Bujiku, fundi tairi. Natumia mkono wa kushoto, mifereji yangu inalala huku. Angalia. Kijana wako Mboje ndiye aliyezileta, zote nne, zimeisha kabisa. Akasema chonga kashata, ni za mkokoteni."

Mboje alikuwa anaosha kioo cha gari la jirani. Alianza kukiosha kwa bidii sana.

"Eti mkokoteni!" Constantine akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe? Tapeli kajitaja! Mzee, mwizi wako huyu hapa, unamlisha mwenyewe!"

"Niite unavyotaka. Kuchonga nimechonga. Na nikitoka hapa naenda kumwambia Bujiku sichongi tena, hata kama ni ya toroli. Lakini cheti umekitoa wewe. Zifunge kwenye gari lako basi, ukampeleke mama watoto Maswa. Twende tukafungue nati sasa hivi, spana ninayo."

"Mimi sichezi na watoto."

"Sio mchezo. Funga. Na kazi ya kufunga nakufanyia mimi, bure kabisa."

Constantine akaangalia gari lake lililokuwa chini ya turubai, akaangalia pembeni. "Mzee," akasema, sauti imeshuka, "weka dole tumalize. Nitakupa spea moja mpya. Ukikataa leo, kuna mtu wa Busega analipia kesho. Halafu utalima na nini, na maksai huna?"

Hapo alinipata hata mimi. Mvua zilikuwa zimekaribia, maksai walishapanda bei, na zizi letu lilikuwa tupu.

Baba akainama, akaingiza kidole kwenye mfereji niliouchonga. Akaniuliza mimi, sio Constantine:

"Gari hili lingebeba watu wangapi?"

"Saba, baba. Na mimi."

"Kwa mwendo wa ng'ombe?"

"Kwa mwendo wa lami."

Akanyanyuka. Akaweka cheti juu ya boneti, akajifutia wino hapohapo kwenye muhuri, polepole, mpaka dole likatakata.

"Mzee, unaharibu karatasi!"

Baba akageuka, akaondoka kuelekea getini bila kuaga.