Mlango wa Saa Moja na Nusu

Mlango ulifunguka, nami nikakasirika.

Nilikuwa nimechelewa dakika ishirini na tatu. Basi lilipasuka gurudumu, nikamaliza safari kwa miguu, shati limenigandama mgongoni, na kila hatua nikiitengeneza radhi nitakayoiomba mbele ya mlango uliofungwa. Kumbe mshauri nasaha yule, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alisikia vishindo vyangu ngazini akafungua hata sijapiga hodi.

"Karibu, Mwalimu. Pole na jua."

"Nimechelewa."

"Naona. Ingia."

"Kwa nini umenifungulia?"

Alivua miwani, akanitazama vizuri. "Kwani ulitaka nisifungue?"

Ili swali hilo lieleweke, sina budi kurudi nyuma miezi minne. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwaka wa kumi na tisa kazini, na mlango wangu ulijulikana shule nzima. Ikifika saa moja na nusu, si kabla wala si baada, niliufunga kwa komeo. Aliyechelewa alirudi nyumbani kumleta mzazi. Sikuchapa, sikutukana. Wanafunzi waliniita Komeo, nami, Mungu anisamehe, nililipenda jina hilo.

Asubuhi moja ya mvua, msichana wa nambari kumi na saba katika daftari la mahudhurio alibisha saa moja na dakika thelathini na mbili. Niliijua sauti yake. Niliendelea kuandika tarehe ubaoni. Akiwa njiani kwenda kumwita mama yake, aligongwa na lori, akafa papo hapo.

Tangu siku hiyo, kila nilipoita majina, nilifika kumi na sita sauti ikakauka. Wanafunzi arobaini na mmoja wakinitazama, nami nimeshika kalamu kama mtu aliyesahau kazi yake. Mwalimu mkuu alinivumilia wiki tatu, kisha akaniita ofisini.

"Tafuta mtaalamu," alisema. "Muhula ukifunguliwa hujapona, darasa nampa mwingine, wewe nakuweka chumba cha vitabu. Sikukomoi, ndugu yangu. Watoto wanaogopa."

Nikatafuta. Lo, nilitafuta! Nilipiga mistari kwenye daftari jipya, safu moja ya kusikiliza, moja ya lugha, moja ya utaratibu, nikachukua na kalamu nyekundu. Wa kwanza, wa hospitalini, alinihoji kutoka kwenye fomu bila kuinua uso. Nilipomwambia kwamba mtoto amekufa, aliuliza kama usingizi naupata: ndiyo, hapana, au wakati mwingine? Nilimpa tatu kwa kumi. Wa pili, kijana mwenye marashi na mito mingi, alinitaka nifumbe macho nimwachilie marehemu aende zake. Nilimwuliza aende wapi. Akaniambia nivute pumzi, na saa yangu ikaisha tukiwa tumefumba macho. Wa tatu alinisikiliza dakika kumi, kisha akanisimulia talaka yake kwa arobaini. Nilitoka nimempa pole, naye akanishukuru kwa kikao kizuri. Palikuwa na mwingine, mzee mpole, ambaye huenda angefaa. Baada ya vikao viwili akahamia mji mwingine.

Dada yangu, fundi cherehani, alinikuta nikijaza safu zangu mezani kwake.

"Kaka, unatafuta mshauri au unasahihisha mitihani?"

"Hawafai hawa."

"Wote?"

"Wote."

Akakata uzi kwa meno. "Na habari ya mlango umewaambia?"

Nikafunga daftari.

"Mficha uchi hazai, kaka."

"Methali hiyo naifundisha mimi."

"Ndiyo," alisema, akikanyaga cherehani. "Unaifundisha."

Nilichukia kutwa nzima. Ni kweli kwamba wote niliwaambia jambo lile lile: mwanafunzi wangu aligongwa na gari. Sentensi kamili, haina kosa hata moja, na haina mlango ndani yake.

Huyu mama wa miwani ya kamba alikuwa wa tano. Vikao viwili vya mwanzo nilimpa sufuri katika utaratibu. Saa yake ya ukutani ilikwenda nyuma dakika kumi, karatasi zilimwagika mezani mpaka kitini, na jina langu alikuwa akilichungulia kwenye faili. Siku ile ya tatu nilikuwa nimekwenda kumuaga. Zilibaki siku kumi na mbili muhula ufunguliwe, na mimi nilikuwa nimechoka kutafuta.

Badala ya kuaga, nikamgombeza palepale kizingitini.

"Kikao kina saa yake, Mama. Leo unanifungulia mimi, kesho mwingine, keshokutwa hakuna atakayekuja kwa wakati. Mtu akichelewa..."

"Anafanywaje?"

"Anarudi."

"Anarudi wapi?"

Nikasimama mkono mmoja juu ya fremu. Ndipo nilipomwambia: tarehe ubaoni, mvua, sauti niliyoijua. Nilitarajia aniambie kwamba si kosa langu, maana maneno hayo nilikwisha kuyasikia kwa kila mtu, nami nilikuwa tayari kushuka ngazi atakapoyatamka.

"Alibisha mara ngapi?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Mara tatu," nikasema. Kisha nikaingia, nikaketi kitini juu ya karatasi zake.

Nilipotoka, muda ulikuwa umepita sana. Mteja wa baada yangu alikuwa benchini akitazama saa yake kwa hasira ambayo niliitambua.

Hadi leo wenzangu huniuliza faraghani kama watu hawa wanasaidia. Huwaambia sijui. Wanne walinipotezea muda, na huenda mimi nami niliwapotezea wao. Wa tano alinichosha mwaka mzima, na saa yake hakuitengeneza kamwe.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu mkuu alisimama nje ya dirisha akijifanya anakagua maua. Nilikuwa nimemwomba karani asimpe mwanafunzi mwingine mstari wa kumi na saba daftarini. Nikaita majina. Nilifika kumi na sita. Kisha nikalisoma jina lake, lote, pamoja na la baba yake. Nikavuta pumzi, nikasoma la kumi na nane.

Ilikuwa saa moja na dakika thelathini na nne mtu alipobisha. Komeo nilikwisha kuling'oa kwa bisibisi. Yalibaki matundu manne kwenye mbao.

"Ingia," nikasema. "Pako wazi."

Akabisha tena, polepole. Hakuniamini.

Nikaweka kalamu chini, nikaenda kumfungulia.